Makaa ya Mlango Mkubwa

Kitu cha mwanzo nilichofundishwa kazini ni kutazama kwato za punda. Si uso wa mtu, wala si karatasi zake. Kwanza wakati huo nani alokuwa na karatasi? Kwato. Punda wa makaa hukanyaga juu juu, kama bibi harusi anayepita kwenye zulia la watu. Punda wa tende huzama kidogo. Lakini ukiona punda anazama mchangani mpaka kifundoni, na mwenyewe anakwambia "makaa haya, ndugu yangu", basi hapo wewe cheka naye, mpe maji, na usimfungulie njia.

Nakwambieni nyinyi wajukuu zangu, na khasa wewe Thuraya, uliyepata kazi wizarani Al Khuwair ya kuandika wageni wanaoingia. Juzi ulisema, "Babu, kazi yenyewe nyepesi, naandika jina na saa, bas." Mimi nikafumba macho. Mama yako akadhani nimelala. Sikulala. Kazi hiyo nimeifanya mimi, hapa hapa Maskati, kabla barabara unayoendea kazini haijawa barabara, na kwa kuandika maneno mawili tu nilikaribia kumtia mtu mzima pingu za miguu. Kwa hivyo kaa. Weka simu chini. Na ile ya pili pia, nnaiona.

Nilifika mwaka sitini na nne, baada ya mambo ya Unguja, nna miaka kumi na tisa, mama yangu, mkoba mmoja na mdomo. Mdomo ulikuwa mzito kuliko mkoba. Skuli niliishia ya msingi. Mwalimu alisema akili nnayo lakini imekaa mahala pabaya, imekaa kwenye ulimi. Kiingereza nilikiokota bandarini Unguja, neno huku neno kule, kama mtu anayeokota kokwa. Kiarabu alinipa bibi yangu mzaa baba, ambaye alikuwa hataki kusema chengine. Maneno yote alinipa. Desturi hakunipa, na hapo ndipo yalipoanza mabalaa, lakini tutafika.

Aliyeniajiri alikuwa Mzungu mmoja wa jeshi, na kazi yake ilikuwa habari. Nasema habari, si za gazeti. Nani kaja, katoka wapi, kabeba nini, kaona nini njiani. Huko kusini, Dhofar, watu walishaanza kupanda milimani na bunduki. Huku kwetu njia za bara zilikuwa zikifukiwa mabomu mchangani. Gari inakuja unaiona, mara huioni tena. Kila mtu alikuwa akimuogopa kila mtu. Ukinunua samaki unajiuliza muuzaji anamfikishia nani ulichokisema.

Mzungu yule alikuwa mgeni kama mimi, hana hata miezi miwili. Kiarabu chake cha kitabuni, na hakuna mtu Maskati aliyekuwa akikifahamu ila hicho kitabu. Ndiyo maana akanitaka mimi nimuandikie na nimfasirie. Tukimwita Bwana Karatasi, kwa sababu alikuwa haamini kitu mpaka kiandikwe, na kikishaandikwa, hata kama uongo, anakiamini. Siku ya mwanzo alinambia pole pole, kidole juu ya meza: "Ukiniandikia kisicho kweli, wewe na mama yako mtapanda meli ya kwanza mrudi mlikotoka."

Tulikotoka, nyumba yetu ilikuwa na watu wengine ndani. Ruhusa yetu ya kukaa ilikuwa kipande cha karatasi chenye saini yake. Mama alikiweka ndani ya msahafu, na kila asubuhi alikuwa akifunua kutazama kama bado kipo.

Sasa, Mlango Mkubwa wa mji haukulindwa na jeshi. Ulilindwa na askari wa kikabila, watu wa bara walioletwa na masheikh wao. Hawana sare, hawajui kupiga mguu, kila mmoja na bunduki ya babu yake, jambia kiunoni na mkanda wa risasi kifuani. Mkubwa wao akiitwa Khalfan. Ndevu nyeupe, miguu mitupu, hajui kusoma hata herufi moja, na macho yake, wallahi, akikutazama unajihisi mifuko yako iko nje. Mimi nikimwita Ami Khalfan, kwa heshima. Yeye akiniita "ya Zinjibari", yaani ewe Mzanzibari, kwa masikitiko.

"Ya Zinjibari, yule mwenye ngamia aliyetoka sasa hivi, umeona nini?"

"Nimeona ngamia ana sura nzuri kuliko mwenyewe."

"Mkanda wake?"

"Anao, Ami."

"Nimekuuliza anao? Hata mimi nina mkanda, hata mwanambuzi wangu nikimfunga atakuwa nao. Risasi ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Kaingia Alkhamisi na ishirini. Leo anatoka na kumi na saba. Tatu kazipeleka wapi?"

"Labda kapiga paa."

"Paa yuko wapi Maskati? Dukani kwa Mhindi wa vitambaa?"

Askari wote wakacheka, mimi nikaenda kumuandika yule mtu wa ngamia. Kumbe risasi tatu alimpa shemegi yake zawadi ya harusi. Lakini ilibidi tujue. Hiyo ndiyo kazi. Nyingi unazoandika hazina maana, na ile moja yenye maana haiji na alama kichwani.

Nikwambieni namna tulivyofanya kazi, maana ndiyo kiini cha yote. Mgeni kutoka bara akifika, Khalfan anampokea kwenye baraza ya mawe nje ya chumba cha mlangoni. Mimi nakaa ndani ya chumba, nyuma ya dirisha la mbao lenye matundu, na daftari langu na wino. Mgeni hanioni. Khalfan alisema mtu akiona kalamu ulimi wake unakauka. Kwa hivyo yeye anazungumza, mimi nasikiliza na kuandika, jioni daftari linapelekwa kwa Bwana Karatasi. Khalfan naye hanioni, kaupa ukuta mgongo. Yeye anajua tu kwamba nyuma ya dirisha yupo mtu. Anaamini.

Siku zangu za mwanzo, kazi niliiona ya kitoto. Mgeni anafika, wanasalimiana. Khalfan anauliza, "Shi ulum?" maana yake, una habari gani? Mgeni anajibu, "Hakuna ila kheri." Khalfan anauliza tena, "Habari za njia?" "Hakuna ila kheri." Mara ya tatu, "Nchi imekaaje?" "Kheri, hakuna kitu." Basi. Mimi naandika: Watu wawili, mbuzi watatu, hakuna habari. Nafunga daftari, natokea mlango wa uani, naenda kutembea.

Siku kumi na moja nikaandika hivyo. Ukilisoma daftari langu ungedhani Oman ni nchi ambayo watu wake wote wamelala. Bwana Karatasi alikuwa akifurahi! Akinipiga bega. "Njia imetulia," anasema, na yeye anaandika karatasi yake anaipeleka kwa wakubwa wake, njia imetulia.

Siku ya tisa ya hizo kumi na moja, mama alipata nazi. Nyinyi hamjui nazi ilikuwa nini kwetu. Sasa mnafungua kopo. Miezi tulikuwa tunakula wali mkavu, mama anaupakua huku anauomba radhi. Halafu baharia mmoja akamletea nazi mbili. Asubuhi akanambia, "Leo adhuhuri usichelewe. Nakuna nazi." Nikakaa nyuma ya dirisha, pua yangu iko nyumbani.

Wakaja watu watatu na tende. Shi ulum? Hakuna ila kheri. Mara moja, mbili, tatu. Nikaandika: Watu watatu. Tende. Hakuna habari. Wino haujakauka mimi niko uani. Nikala wali wa nazi mpaka mama akanambia, "Ewe, sahani hiyo ina maua, usiyale."

Asubuhi ya pili yake Khalfan akaniuliza, amesimama mlangoni, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa: "Ya Zinjibari, yale ya jana yamefika juu?"

Mimi nikafikiri anauliza kama nimelipeleka daftari. "Yamefika, Ami."

"Vizuri. Basi tunangoja amri."

Sikuuliza amri gani. Ndivyo mtu anavyozama, kwa kuona haya kuuliza.

Siku mbili baadaye jua lilikuwa kali, sikuwa na pa kwenda, na nyumbani hakuna nazi. Nikabaki nyuma ya dirisha. Akaja mzee na mwanawe. Shi ulum? Hakuna ila kheri. Mara tatu. Nikaandika, hakuna habari. Halafu nikasikia Khalfan anamkalisha, anamtilia tende, anamimina kahawa. Kikombe cha mwanzo, kimya. Cha pili, wanazungumza mvua. Cha tatu, mzee akakitikisa kikombe, ishara kwamba nimetosheka, akakirejesha, akakohoa. Na hapo, mwanangu, ikafunguka kama bomba lililopasuka. Fulani kagombana na fulani, kisima fulani kimekauka, watu wanne wasiojulikana wamepita na redio, gari ya jeshi imekwama mahala fulani. Jina, saa, rangi ya ngamia, kila kitu!

Kalamu ikanidondoka. Kumbe ile "hakuna ila kheri" ni adabu tu. Ni kama kupiga hodi. Mtu wa bara hakutupii habari usoni akiwa amesimama, atakuwa hana haya. Kwanza anakutuliza kwamba hakufa mtu, kisha anakaa, anakula, anakunywa, ndipo anatoa. Kila mtoto wa Oman anajua. Mimi nimezaliwa Unguja, Vuga, jirani yangu akiwa na habari anaanza kuipiga kelele toka kona ya mtaa.

Siku kumi na moja. Nikazihesabu kwa vidole, nikarudia kuzihesabu kana kwamba zitapungua. Nikazikumbuka tende za wale watu watatu, na Khalfan akiniuliza yamefika juu? Nikajua kuna kitu wamekisema, na mimi nikakikosa. Sikujua kitu gani. Na kumuuliza Khalfan ni kumwambia dirisha lilikuwa tupu, na Khalfan akijua, Bwana Karatasi atajua, na karatasi ya ndani ya msahafu itachanwa. Basi nikafanya walilofanya waoga wote duniani. Nikawa hodari kweli kweli kwa yale yaliyobaki. Nikaandika kurasa na kurasa, mpaka kikohozi cha wageni nikakiandika.

Na kila asubuhi, Khalfan: "Yamefika juu?"

"Yamefika, Ami."

"Mbona hawaji?"

"Bwana ana shughuli nyingi."

Nnamkumbuka akitikisa kichwa, anarudi uani. Maana uani kulikuwa na kitu kipya. Punda wanne na magunia manane ya makaa, wamefungwa kwenye kivuli cha ukuta, na Khalfan anawalisha kwa mkono wake. Walifika nami niko matembezini, nikadhani mzee kaingia biashara. Nikapata na kiti. Gunia moja limekaa vizuri, nikawa nalikalia nikila tende zangu. Akaniona.

"Ondoka hapo!"

"Ami, makaa yako sitayala."

"Nimesema ondoka, usikae hapo!"

Nikaondoka. Kesho yake nikakaa tena. Na huku mjini makaa hakuna. Khalfan alikuwa akiwazuia punda wote wa makaa nje ya mlango, hakuna anayejua kwa nini, na mama yangu anapika kwa makuti, macho mekundu, anamlaani mtu ambaye ni mkubwa wa mwanawe.

Siku ya nane tangu punda wale wafungwe ikafika. Jeshi lilikuwa limeweka kizuizi njia ya bara. Wakamsimamisha mmoja wa wale watu watatu wa tende, anarudi kwao. Wakamuuliza kama ameona wageni. Yule mtu akashangaa. "Sisi mbona tulishatoa habari hiyo Maskati? Mlangoni, kwa Khalfan. Watu wawili kisimani, wana punda wanne wa makaa, na punda wanazama. Makaa gani hayo yanazamisha punda?"

Habari ikamfikia Bwana Karatasi asubuhi. Akafungua daftari langu. Watu watatu. Tende. Hakuna habari. Akauliza wako wapi punda hao. Akaambiwa wako uani kwa Khalfan, anawalisha.

Tafadhali itazameni kwa macho yake. Mzee alijua. Mzee hakusema. Mzigo wa adui ameuficha kwenye uwa wake mwenyewe, kwenye mlango wa mji. Ingekuwa mimi, ningemfunga kabla ya chai.

Wakamleta juu ofisini. Bunduki wamemnyang'anya, jambia wamelivua. Sijawahi kumuona bila jambia, kiuno chake kilikuwa kama cha mtoto. Kutoka dirishani pale unaiona ngome juu ya jabali, ile tuliyokuwa tukipita chini yake bila kuitazama. Waliopandishwa kule tukiwaona mara moja moja wanateremshwa kuteka maji, chuma miguuni, wanatembea kama kuku waliofungwa. Wengine hatukuwaona tena. Askari wawili wa jeshi wakasimama mlangoni. Mimi pembeni ya meza, mfasiri.

"Muulize anajua nini," alisema Bwana Karatasi.

Nikamuuliza. "Ami, Bwana anasema, una habari gani?"

Khalfan amesimama, hakukalishwa. Akamtazama Mzungu, akasema kwa heshima zote, "Hakuna ila kheri."

Nikaifasiri kama ilivyo.

Bwana akaandika. "Muulize tena. Njiani kuna nini?"

"Hakuna ila kheri."

"Kwa mara ya mwisho."

"Kheri. Hakuna kitu."

Mnaelewa? Mzee anapiga hodi, na Mzungu anaandika kwamba amekataa kufungua. Mara tatu anakana, imeandikwa, imeshakuwa kweli. Na chumbani mle mtu pekee anayejua maana yake ni mimi, na mimi nimejua kwa sababu ya kosa langu. Nikisema "Bwana, hiyo si jawabu", ataniuliza umejuaje, na kwa nini daftari lako lote limeishia kwenye hodi? Nikamuona mama kwenye meli, na msahafu wake kifuani.

Bwana Karatasi akafunika kalamu yake. "Mpelekeni juu."

Wale wawili wakamshika. Khalfan akanigeukia, si kwa hasira, alikuwa haelewi tu. Akanambia, "Ya Zinjibari, mbona hatukai?"

Sijui nani alisema, lakini sauti ilikuwa yangu. "Bwana! Hajajibu bado."

"Amejibu mara tatu."

"Hiyo si jawabu, Bwana. Hiyo ni salamu. Mkalishe. Mpe tende, mpe kahawa vikombe vitatu, kisha muulize tena."

Akanitazama kama ninayemwambia ampigie ngoma. "Kahawa?"

"Kahawa, Bwana. Kisha mtufanye mtakavyo, yeye na mimi."

Ofisi nzima haina kahawa. Wana chai ya maziwa! Nikateremka ngazi mbio na askari nyuma yangu, nikachukua dele la kahawa la Khalfan mwenyewe barazani, lina moto, na vikombe na bakuli la tende, nikapanda. Nilijimwagia mkono mzima. Kovu hili hapa, mlikuwa mkidhani la vita. Nikamimina, dele linagonga kikombe kwa namna mkono ulivyokuwa ukitetemeka, ti ti ti ti, na hakuna aliyecheka.

Kikombe cha mwanzo. Kimya. Cha pili. Bwana Karatasi anatazama saa yake. Cha tatu. Khalfan akakitikisa kikombe, akanirejeshea, akapangusa ndevu.

"Shi ulum, Ami?" nikamuuliza.

Akasema. Yote akasema, na mimi nikafasiri mpaka mate yakaniisha. Watu watatu wa tende waliona nini kisimani. Punda wanne, wawili wa kijivu, mmoja sikio limekatwa, magunia yameshonwa kwa waya badala ya ukindu. Kesho yake punda hao wakafika mlangoni na watu wawili. Akawasimamisha. Wakamwambia makaa. Akawakaribisha kahawa, wakakataa. "Mtu anayekataa kahawa ya mlango wetu, huyo hajatoka kwetu." Akageuka kuita askari, wale wawili wakakimbia, wakaacha mzigo. Akaufunga uani. "Habari ya kisima nimeshaitoa, nimeisema kwa sauti kubwa dirisha lisikie. Kila siku nauliza, naambiwa imefika juu. Nikawazuia punda wote wa makaa wasiingie. Magunia sikuyafungua. Mimi nimeamrishwa kusimamisha, sikuamrishwa kufungua. Nimelala kando yake usiku nane. Nangoja amri. Amri haikuja."

Bwana Karatasi akaweka kidole juu ya mstari wangu. "Muulize kwa nini haya hayakuandikwa."

Nikafasiri. Ningefanya nini? Kazi ya mfasiri ni kusema alichosema mwenziwe, hata kikiwa kamba ya kumnyongea yeye.

Khalfan akanitazama. Hapo ndipo alipojua kwamba siku ile alikuwa akilipigia kelele dirisha tupu. Nikaona yanapita machoni pake yote, yamefika juu, Bwana ana shughuli nyingi, mimi nimekaa juu ya gunia. Akashusha macho kwenye miguu yake mitupu.

"Mwambie nilimtuma mimi," alisema. "Nilimtuma kijiji cha Sidab akaninunulie samaki. Kijana hana kosa."

Nikafasiri neno kwa neno. Bwana Karatasi akachukua kalamu. "Basi kosa ni lake," akasema, na akaanza kuandika, na mlango wa ile meli ukafungwa, mama amebaki nchi kavu, na mimi nnaweza kunyamaza tu. Kunyamaza tu, Thuraya. Ni kazi nyepesi sana.

"Bwana," nikasema, "kufasiri kumekwisha. Sasa nasema mimi. Hakunituma. Nilikwenda kwetu kula wali wa nazi."

Nikamwambia yote. Hodi, vikombe, dirisha.

"Umeandika hivi siku ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moja, Bwana. Na sita za kuficha."

Nikangoja anikamate shati. Hakunikamata. Alikuwa amepauka, anatazama rafu ya karatasi zake mwenyewe, zile alizowapelekea wakubwa, njia imetulia, njia imetulia, siku kumi na moja, kwa mkono wake. Nikajua na yeye ana meli yake. Hajawahi kunambia neno juu ya jambo lile tena, wala kuliandika.

Magunia yakafunguliwa adhuhuri, wote tumewekwa mbali nyuma ya ukuta. Makaa juu, shibri moja. Chini yake visahani vya chuma vya rangi ya mchanga, ndiyo yale mabomu ya kufukiwa njiani, vimepangwa kwenye vitambaa kama vyombo vya harusi. Lile gunia langu la kukalia lilikuwa na sita. Nikarudi nyuma ya ukuta nikatapika tende zote za wiki ile.

Kalamu nilinyang'anywa. Adhabu yangu ilikuwa kumimina kahawa barazani mpaka mzee mwenyewe aseme basi, na yeye hakusema basi miezi saba. Huko ndiko nilikosomea. Baadaye daftari nikarejeshewa, na nikalishika mpaka mwaka sabini, milango ya mji ilipoachwa wazi watu wakapita wapendavyo. Mama makaa aliyapata siku ile ile, wala hakuwahi kujua ni nani aliyekuwa akimlaani.

Lakini alasiri ya siku ile. Walimrejeshea bunduki na jambia, akateremka, akakaa mahala pake barazani kama aliyetoka sokoni. Mimi nikasimama mbele yake na dele, mkono umefungwa kitambaa, najua nastahili bakora, nazingoja.

"Shi ulum, Ami?" nikasema, kwa sababu sikuwa na neno jengine.

"Hakuna ila kheri."

Nikakaa. Nikamtilia tende. Nikamimina kimoja, akanywa anatazama njia. Nikamimina cha pili. Nikamimina cha tatu. Askari wenziwe walikuwa mbali, wanawafungulia punda wa makaa waliongoja siku nane. Akakitikisa kikombe, akanirejeshea, na mkono wake nao ukakigongesha kikombe kwenye dele, ti ti ti.

"Niliogopa, mwanangu," alisema. "Pale nilipokuwa nimesimama. Niliogopa sana."

Hiyo sikuiandika.